Pampu Ndani ya Mkoba wa Kuoshea

Mwanaamina aliingia kwenye duka la spea za baiskeli pale sokoni Mtwara akiwa na mchanga wake mwenyewe, ameufunga kwenye pindo la kanga. Mwenye duka, Brian, kijana ambaye baba yake alihamishiwa bandarini kutoka Moshi na familia nzima ikamfuata, alidhani mama huyu anatania. Hakuwa anatania. Mwanaamina hana utani akiwa na fedha mkononi.

"Nataka pampu," alisema. "Ndogo, isizidi shubiri moja. Lakini isiwe ya kudeka."

Brian akamtolea kwanza ile ya kusimama, unayoikanyaga kwa miguu miwili na kusukuma kwa mikono miwili. Mwanaamina akatikisa kichwa. Hiyo ni ya kukaa nayo nyumbani, yeye anataka ya kutembea nayo. Kijana akamtolea ile ndefu inayobanwa kwenye fremu, ambayo kila baiskeli ya zamani ilikuwa nayo. Mwanaamina hata hakuishika.

"Hiyo ndiyo siitaki kabisa. Inaonekana."

"Ikionekana kuna ubaya gani, mama?"

"Wewe si mtu wa huku. Basi nikueleze."

Akamweleza. Kuanzia Likombe, anakokaa yeye, mpaka kingo za Ruvuma, pampu iliyobanwa kwenye fremu si yako tena, ni ya barabara nzima. Muuza mkaa atakusimamisha, mvuvi atakusimamisha, mwalimu anayewahi kipindi atakusimamisha, na huwezi kumwambia mtu huna wakati anaiona kwa macho yake. Kumnyima mtu upepo ni aibu, utasemwa mpaka kwenye harusi ya mjukuu wako. Kwa hiyo unampa, anajaza, halafu anasema naomba niende nayo hapo mbele tu, tairi lenyewe silielewi, jioni nitakurudishia. Hiyo jioni Mwanaamina hajawahi kuiona.

"Kwa hiyo unataka pampu ya kuficha," Brian akasema.

"Nataka pampu ya kufika nayo."

Zikabaki mbili mezani. Moja ya plastiki, nyekundu, yenye kisaa kidogo cha kupimia upepo, inapendeza kweli kweli. Mwanaamina akafungua pindo la kanga na kabla Brian hajanyoosha mkono, akaipaka pampu ile mchanga wa chumvi kwenye shina lake na kuanza kujaza tairi la baiskeli aliyoiegesha mlangoni. Ikapiga mara tano, ikakohoa, ikakwama.

"Mama, umeniharibia mali."

"Nitailipa. Bora iniharibikie hapa kuliko chumvini."

Ya pili ilikuwa ya aluminiamu, fupi, nzito kuliko unavyoitegemea, mrija wake wa mpira umejificha humo humo ndani. Aliipaka mchanga, ikasaga meno lakini ikaendelea. Aliilaza sakafuni akasimama juu yake na kilo zake sabini na kitu. Aliifungua kwa mkono bila spana, akakuta ndani kuna kikombe kidogo cha ngozi, kile kinachosukuma upepo, na hapo akatabasamu kidogo, maana ngozi ikichakaa utakata nyingine hata kwenye makubadhi makuukuu ya msikitini. Akahesabu mipigo mpaka tairi likawa gumu. Mia moja na arobaini.

"Mkono utakuuma," Brian akasema.

"Mkono wangu umezoea." Akazilipa zote mbili, nzima na mbovu.

Brian alikuwa ameegemea mkoba mweusi ambao Mwanaamina aliuweka mezani alipoingia. Akamwuliza, kwa kumchangamkia tu, ni kazi gani hiyo inayomkimbiza hivyo barabarani.

"Naosha maiti," Mwanaamina akajibu. "Wanawake wenzangu. Vifaa vyangu ndivyo hivyo unavyoviegemea."

Kijana aliuondoa mkono pale haraka. Mwanaamina hakuudhika hata kidogo. Aliizungushia pampu kitambaa, akaididimiza chini kabisa ya mkoba, kati ya pamba, kafuri, majani makavu ya mkunazi na zile soksi za mkononi anazovaa wakati wa kuosha. Miaka ishirini ameubeba mkoba ule na hajatokea mtu wa kuutia mkono. Hata vibaka wa stendi wanaupisha.

Chanzo cha yote haya kilikuwa Hafsa.

Hafsa alikuwa jirani yake pale Likombe, na mwenzake wa kazi. Maiti haoshwi na mtu mmoja, mmoja anamimina na mwingine anapitisha mkono, na wale wawili walikuwa wameshazoeana kiasi kwamba hawakuhitaji kusemezana. Simu ikipigwa, iwe Naliendele iwe Madimba, wanatoka na baiskeli zao mbili, Hafsa mbele kwa sababu anapenda kusalimia watu, Mwanaamina nyuma kwa sababu hapendi. Waliwekeana ahadi zamani: atakayetangulia ataoshwa na mwenzake. "Usimwache ntu mwingine aniguse," Hafsa alisema siku ile akicheka. "Mimi natekenyeka upesi, mwenzangu. Nitaamka niwatie aibu."

Pampu waliyokuwa nayo wakati huo ilikuwa ile ndefu ya kwenye fremu, aliyoiacha marehemu mume wa Mwanaamina. Hafsa akaiazimisha. Muuza mkaa mmoja alikuwa amekwama njiani, na Hafsa hakuweza kumpita mtu aliyekwama, hakuwa na uwezo huo. Mkaa ukaenda na pampu ikaenda. Wiki iliyofuata wakaitwa kwenye msiba wa bibi mmoja huko Ziwani, tairi la nyuma la Mwanaamina likaisha upepo katikati ya pori la mikorosho, wakatembea kwa miguu wakikokota. Walipofika, bibi alikuwa ameshaoshwa na watu wasiojua. Nywele zake, ambazo mwanamke husukwa mikia mitatu kabla ya kuvikwa sanda, zilikuwa zimefungwa fundo moja kama furushi la kuni.

Mwanaamina alisimama pale uani mbele ya wafiwa akamgeukia Hafsa. "Kazi hii wewe huiwezi," akamwambia. "Kila mpita njia ni wako, maiti si wako."

Hafsa hakujibu mbele za watu. Alijibu wakati wa kurudi, kwa sauti ya kawaida kabisa. "Pampu si nswaki, Mwanaamina. Ntu akikwama unampa." Hayo ndiyo yalikuwa maneno yao ya mwisho. Mwezi uleule Hafsa alifunga virago akahamia kwa binti yake Zawadi, Mahurunga, na Mwanaamina akaenda sokoni kununua pampu ya kuficha. Miezi minane hawakupigiana simu. Mara mbili Mwanaamina alilishika lile jina kwenye simu akalitazama, kisha akajiambia kuwa mwenye kosa ndiye anayeanza.

Simu ilipigwa siku ya Jumanne, mwezi Machi, saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Alikuwa Zawadi.

"Ma'mdogo," alisema, na Mwanaamina akajua kabla hajaambiwa. "Mama katuacha alfajiri hii. Wanasema azikwe baada ya adhuhuri. Alishausia uoshwe na wewe... yaani yeye aoshwe na wewe. Nimewaambia wakungoje, wanasema barabara imekatika, hutofika, watatafuta wa hapa hapa."

"Waambie maji yasiwekwe jikoni mpaka nifike."

"Watakubali mpaka saa ngapi, sijui."

"Waambie nimeshatoka."

Hakuwa ametoka, alikuwa amekaa kitandani na mguu mmoja kwenye ndala. Lakini dakika kumi baadaye alikuwa barabarani kweli. Bodaboda isingemsaidia. Mvua za wiki ile zilikuwa zimelibeba daraja la barabara ya Mahurunga, pikipiki na magari yote yanaishia hapo, na kutoka hapo njia iliyobaki ni kuzunguka kwa chini, kupitia chumvini, ule uwanda mweupe wenye majaruba ya chumvi, kisha kuvuka mkondo wa mikokoni. Pikipiki inazama kwenye tope lile mpaka injini. Baiskeli inapita, ikichoka unaibeba. Tatizo ni mkondo. Siku ile maji yalikuwa yanajaa saa saba mchana, na kila mtu wa upande ule anajua kwamba ikishapita saa nne na nusu, mkondo haupitiki kwa miguu mpaka yapwe tena saa kumi. Aliyechelewa hukaa ng'ambo akitazama.

Kwa hiyo hesabu ilikuwa moja tu. Afike mkondoni kabla ya saa nne na nusu, au Hafsa aoshwe na watu wasiomjua.

Alikanyaga. Manyunyu yalianza kabla hajamaliza nyumba za Likombe, baibui likalowa, likamng'ang'ania mapajani. Hakuwa analia. Alikuwa na hasira, na hasira yenyewe haikuwa na mtu wa kuipokea, kwa sababu yule aliyezoea kumkasirikia alikuwa amelazwa Mahurunga amefunikwa shuka. Kila kilima alijiambia akikimaliza ataangalia saa, na kila akikimaliza aliogopa kuiangalia. Darajani alifika saa tatu kasoro dakika tano. Bodaboda waliokuwa wamejikinga mvua chini ya turubai walimwambia maji yameshaanza kurudi, mama, usihangaike. Akaiteremsha baiskeli kwenye njia ya chini.

Hapo ndipo alipomwona mtu yule.

Alikuwa mwanamume, amejifunika mfuko mkubwa wa nailoni kichwani na mabegani kwa ajili ya mvua, amechuchumaa kando ya njia mahali majaruba yanapoanzia, na baiskeli imelazwa ubavuni pake. Alipoiona baiskeli ya Mwanaamina inakuja alisimama akapunga mkono. Tairi lake la mbele lilikuwa limelala kabisa, unaliona kwa mbali.

Mwanaamina alijua ataulizwa nini, na alijua atajibu nini. Alianza kujipanga akiwa bado mbali, hatua mia nzima. Akajiambia kwamba akisimama atapoteza dakika tano, na dakika tano zitakuwa kumi kwa sababu mtu akishapata upepo huanza kukueleza na safari yake. Akajiambia kwamba huyu si mfiwa, huyu pengine anawahi kamba zake sokoni. Akainamisha macho kwenye tope mbele ya gurudumu na kuyaacha pale, maana ukishamtazama mtu usoni shughuli imekwisha, utasimama. Hafsa alikuwa anawatazama watu usoni.

"Mama," mtu yule akaita, sauti imekauka. "Mama, samahani, una pampu?"

"Sina, mwanangu," Mwanaamina akajibu, na hakupunguza mwendo.

Mkoba ulikuwa unampigapiga mgongoni, na ndani yake aliisikia pampu ikigonga chupa ya marashi. Alijua kwamba yule mtu hawezi kuisikia. Hata hivyo alikanyaga kwa nguvu zaidi mpaka mlio ule ukamezwa na mvua.

Hakufika mbali. Chumvini kuna vigae vya chaza vinavyofukuliwa na maji ya mvua, vikali kama nyembe, na kimoja kikamwingia tairi la nyuma. Alihisi kiti kinazama chini yake kidogo kidogo. Akateremka, akakichomoa kigae, akasikia upepo unatoka, taratibu, si kwa kishindo. Kuziba kungemchukua nusu saa. Kujaza ni mipigo mia moja na arobaini. Akaitoa pampu kwenye mkoba huku akitazama nyuma, maana sasa alikuwa anaogopa kuonekana, lakini mvua ilikuwa imefunga na yule mtu haonekani. Akapiga. Mrija ukachomoka mara mbili mdomoni mwa tyubu, akauzuia kwa magoti. Pampu ile fupi ilipata moto mpaka ikawa haishikiki, akaifunga kitambaa na kuendelea. Akapanda, akaenda kama mwendo wa robo saa, tairi likalala tena. Akajaza tena. Mara ya tatu alijaza akiwa anasoma kila dua aliyoijua, amezichanganya zote.

Mkondoni alifika saa nne na dakika tano. Maji yalikuwa magotini tu. Aliitwika baiskeli begani, mkoba akauweka kichwani, akavuka huku samaki wadogo wakimgonga miguuni, na alipokanyaga upande wa pili alikaa kwenye mzizi wa mkoko akashusha pumzi kwa sauti. Alikuwa amewahi. Alifurahi, hilo lisifichwe, alifurahi kama mtu aliyeshinda kesi. Aliona kwamba miezi minane yote alikuwa sahihi, na uthibitisho upo ndani ya mkoba.

Nyumbani kwa Zawadi walikuwa hawajaanza. Maji hayakuwa hata yamewekwa jikoni, maana Zawadi alikuwa amekaa mbele ya mafiga na kuwakatalia wote. Ilibidi Mwanaamina asubiri nusu saa nzima maji yapate uvuguvugu. Alioga, akabadili nguo, akaingia chumbani ambako Hafsa alikuwa amelazwa juu ya kitanda cha kamba, na akamfunua uso.

Alikuwa amekonda. Miezi minane ilimfanya mdogo. Mwanaamina alimwekea mkono kwenye paji la uso akamwambia polepole, "Nimekuja. Mimi ndiye." Halafu akaomba radhi, kwa maneno machache, kwa sababu walikuwepo wengine.

Wakaanza. Zawadi anamimina, Mwanaamina anapitisha mkono chini ya shuka, jirani mmoja ameshika kichwa. Alimwosha kwa wepesi mno pale mbavuni na chini ya kwapa, mahali ambapo mtu anayetekenyeka hutekenyeka. Kazi ikamtuliza. Alikuwa anazisuka zile nywele, mkia wa kwanza umekwisha, ameshika wa pili, ndipo Zawadi aliposema, kwa sauti ya mtu anayejizungumzia, "Laiti kaka angewahi na yeye."

"Kaka yako Asadi si yuko Nanyamba?"

"Alitoka Nanyamba usiku wa manane nilipompigia kuwa hali mbaya. Kwa tope la njiani bodaboda ikamfikisha darajani asubuhi, akaazima baiskeli ya watu ili apite chumvini. Akanipigia saa mbili na nusu, nikampa habari ya msiba, akaniambia tairi limeisha upepo na pampu hana, hata bodaboda wa darajani hawana. Akasema anasubiri mpita njia, maana kwa miguu hauwahi mkondo. Tangu hapo simu yake imezima chaji."

Mkono wa Mwanaamina ulisimama kwenye nywele.

Asadi. Alimbeba mgongoni mtoto yule. Alimpeleka chuo cha Kurani siku ya kwanza, Hafsa akiwa na homa. Miaka sita alikuwa hajamwona, tangu aende Nanyamba kwenye biashara ya korosho, lakini asingeshindwa kumtambua kama angemtazama. Hakumtazama. Na sauti ile iliyokauka haikuwa imekauka kwa mvua, ilikuwa imekauka kwa kilio.

"Ma'mdogo?" Zawadi akaita.

"Nisukie huo," Mwanaamina akasema, kisha akabadili. "Hapana. Niache nimalize mwenyewe."

Alimaliza mikia yote mitatu. Alimkausha, akamtia kafuri mahali pa sijda, akamvika sanda vipande vyote vitano bila kuruka hatua, huku kichwani akifanya hesabu nyingine. Maji yalikuwa magotini alipovuka. Zilibaki dakika ishirini na tano za mkondo kupitika, na upepo wa Asadi ungechukua dakika tano. Wangevuka pamoja. Sasa ilikuwa saa sita kasoro robo na mkondo ulikuwa unamfunika mtu mzima.

Alipomaliza alitoka nje, akafunga kanga vizuri na kwenda mpaka ukingo wa baraza walikokaa wanaume. Maalimu Abdulrahmani, imamu wa pale, mzee mfupi anayejulikana kwa kutopenda porojo, alikuwa ameshaagiza jeneza lisogezwe.

"Maalimu, naomba tumngoje Asadi."

Wanaume waliinua vichwa. Maalimu akamgeukia. "Wewe, Mwanaamina? Kila nsiba unatugombeza tunachelewesha. Leo wewe ndiye unaomba tungoje?"

"Yupo ng'ambo ya mkondo. Nimemwona. Hajapata hata kumwona mama yake."

"Umemwona wapi?"

"Chumvini. Tairi limeisha upepo."

"Na wewe ukapita."

"Nilipita."

Mzee alimwonea haya, akamfungulia mwenyewe mlango wa kutokea. "Ndiyo, hukuwa na pampu, ungefanya nini," alisema. Mwanaamina hakumsahihisha. Kunyamaza kwake kukachukuliwa kuwa ndivyo, na uongo ule mmoja ukazaa wa pili pale pale, mbele ya jeneza.

Maalimu akauliza maji yatapwa saa ngapi. Mvuvi mmoja akasema saa kumi, pengine na zaidi kwa sababu ya mvua. "Basi tutasali alasiri, kisha tutanyanyua," Maalimu akaamua. "Zaidi ya hapo siwezi. Asipofika, nkwe wake atanshusha kaburini."

Saa zile zilikuwa ndefu. Mwanaamina alikaa uani na wanawake, hakula, hakuzungumza, na mara tatu alitoka mpaka nyuma ya nyumba ambako njia ya mikokoni inatokea. Hakuna mtu. Adhuhuri ikasaliwa. Mvua ikakatika, inzi wakaja, wanawake wakazidisha ubani. Alasiri ikaadhiniwa. Wakasali. Wakasimama mistari kumsalia maiti. Halafu mabega yakaingia chini ya jeneza na wakaanza kuondoka, na Mwanaamina, ambaye maisha yake yote aliwataka wanaume wa maziko watembee haraka, alisimama mlangoni akiomba watembee polepole.

Walikuwa wameshapotea nyuma ya minazi ndipo mtu alipotokea upande wa mikoko, anakimbia bila baiskeli, amelowa mwili mzima, miguu yote tope. Alikuwa ameogelea. Hakusimama uani. Zawadi alimnyooshea mkono kuelekea makaburini, naye akapita anakimbia vile vile, mfuko wa nailoni bado umemning'inia shingoni.

Alirudi baada ya saa nzima, pamoja na wengine. Alikuwa amewahi kumshusha. Hakuwahi kumwona uso, sanda ilikuwa imeshafungwa. Alipeana mkono na wazee, akamkumbatia dada yake, halafu akaja kwenye mkeka alipokaa Mwanaamina akapiga magoti mbele yake.

"Shikamoo, ma'mdogo."

"Marahaba, baba."

"Nakushukuru sana," Asadi alisema. Macho yalikuwa mekundu lakini uso umetulia. "Pale chumvini sikukujua mpaka uliposema huna pampu, ndipo nikaijua sauti. Nilitaka kukuita nikanyamaza, nikaona nitakuchelewesha. Nikajisemea, anavyokanyaga vile anamwahi mama. Nikakaa chini nikatulia. Nilijua hata nisipofika, mama yuko na mtu wake."

Mwanaamina angeweza kuliacha pale. Maalimu alishamaliza maneno, kijana mwenyewe anamshukuru, na mkoba uko chumbani umefungwa, hakuna wa kuufungua. Wanawake kwenye mkeka walikuwa wanatikisa vichwa kwa huruma na kumsifu kwa ujasiri wake wa kuja kwa baiskeli. Aliona aibu mpaka masikio yakamwaka moto, na akaona pia kwamba asiposema sasa, hatasema kamwe, na kila atakapomwona mtoto huyu atakuwa anampita tena barabarani.

"Asadi," alisema, "pampu nilikuwa nayo."

Hakuelewa. "Ulikuwa nayo wapi?"

"Mkobani. Nilikuwa nayo nikakwambia sina. Sikukutazama usoni nisije nikakuhurumia. Nimeitumia mwenyewe mara tatu kabla ya mkondo, na maji niliyakuta magotini. Tungevuka wote wawili."

Wanawake wakaacha kutikisa vichwa. Zawadi, aliyekuwa anagawa maji, alisimama na kikombe mkononi. Asadi aliendelea kupiga magoti. Tope lilikuwa limemkaukia pajani, akawa analibandua kwa kucha, kipande kwa kipande.

"Mama angesimama," akasema mwishowe.

"Angesimama," Mwanaamina akajibu. "Kwa hilo hilo nilimnunia miezi minane."